Simile, Simile!

Punda ndio wanaoamka kwanza Lamu. Mmoja hulia upande wa Langoni, wa Mkomani akamjibu, halafu mji mzima ukawa kilio kimoja. Asubuhi ya kwanza nilijifunika mto kichwani. Asubuhi hii ya kumi, iliyokuwa ya mwisho, nilibaki macho gizani nikiwasikiliza mpaka walipochoka, ndipo adhana zikaanza kupokezana.

Tulikuwa watu 18 kutoka Nakuru, wote wa kujitolea, tumekuja kuokota plastiki ufukweni Shela. "Ndooni, wanangu!" bibi mwenyeji wetu aliita kutoka uani. Hapa njoo ni ndoo, njia ni ndia, macho ni mato, maji ni mai, na mji wenyewe ni mui. Kiswahili changu cha bara hujiona kigumu mbele ya Kiamu, kama kiatu kipya. Mahamri yalinukia iliki, mbaazi zilielea katika tui zito, na kila uliposema umeshiba, bibi alikuongezea.

Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo tulikwenda Shela kwa miguu kwa kufuata pwani. Yakijaa, njia ile humezwa. Siku ya tatu tulivua viatu tukarudi na maji mapajani, tumebeba magunia vichwani. Shela ina matuta ya mchanga meupe kama unga, na si ya kupendeza macho tu. Mvua inayonywea ndani yake huchujika ikawa maji matamu chini ya ardhi, na mji wa Lamu huyanywa hayo. Nilipolijua hilo, kila chupa niliyoifukua nilihisi nimeitoa katika mtungi wa mtu. Tuliokota nyavu, vifuniko, na kandambili zisizo na wenziwe. Fundi mmoja alituambia tusizidharau: hapa hapa Lamu kiliundwa Flipflopi, chombo cha tanga cha plastiki iliyookotwa, kikavishwa kandambili za rangi zote. Kilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata kikasafiri mpaka Zanzibar.

Mchana hakuna la kufanya. Kaskazi ilikuwa imetulia, umeme ukakatika, feni ikasimama. Tulijilaza juu ya mikeka katika nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta zake nene kama urefu wa mkono wangu, dari yake boriti za mikoko, na tukagundua kwamba kulikuwa na ubaridi zaidi kuliko feni ilipokuwa ikizunguka.

Alasiri magunia yetu yalifika gatini kwa mashua, yakapakiwa katika shogi za punda watatu. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Usita wa Mui, barabara yake kuu, ni mwembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo na mtu mnene hawapishani bila maelewano. Maelewano yenyewe ni neno moja: simile! Siku za mwanzo tulilisikia tukarukia kila mmoja upande wake, na mara nyingi upande wa punda. Leo kijana mwenye punda alinikabidhi kamba. "Ita wewe, dada."

Niliita. Hakuna aliyegeuka.

"Livute, mwanangu," mzee mmoja alisema kutoka barazani. "Simileee!"

Nikalivuta kutoka tumboni. Mzee akapandisha miguu yake barazani, mama mwenye buibui akaingia katika daka la jirani, muuza samaki akainua kapu lake juu ya kichwa, na Lamu ikanipa ndia. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi hivyo kwa sababu ya neno.

Jioni tulikaa Mkunguni, mbele ya ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821. Wazee walicheza bao, kete zikigonga mbao. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake. Kahawa ilikuwa tungu, halwa ikaja kuituliza. Kwenye ukuta wa bahari tulikula mishkaki na mkate wa mofa, moshi ukituingia machoni, na kila mtu aliyepita alitusalimu, wengine kwa majina yetu.

Bibi alikuwa akitungoja kizingitini. Alikuwa ametunga vikuba vya asumini na mrehani, akatubandika wanawake kimoja kimoja kifuani. Wanaume aliwanyunyizia marashi mikononi, nao wakasimama kimya kama watoto wanaonawishwa. Chombo cha kwenda Mokowe kingeondoka alfajiri, kwa hiyo hapakuwa na maneno mengi. Alinishika mkono wenye malengelenge ya gunia akaugeuza, akautazama.

"Maulidi muye," akasema.

"Tutakuya, bibi," nikajibu, na akacheka kusikia nimelitamka sawasawa.