Kinga za Waingereza na mpira wa msitu wetu

Kwetu mtu anajua kuhesabu ukoo: huyu alizaa huyu, na huyu akazaa huyu. Viwanda vya kinga vya Uingereza navyo viko na ukoo wao. Coventry, fundi walikuwa wanaunda vyerehani mbele ya kuanza kinga mwaka 1869. Birmingham, BSA ilizaliwa 1861 na wafua bunduki. Njo maana alama yake ni bunduki tatu. Royal Enfield ilitokea Redditch, muji wa sindano. Sindano, chereheni, bunduki, halafu kinga! Lakini ufundi unatembea vile: mkono uliozoea chuma chembamba haushindwi na mnyororo.

Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, na hiyo njo nkambo wa kinga tunazopanda. Mipira yake ilikuwa migumu. Mwaka 1888 Dunlop, mganga wa wanyama kule Belfast, akatia hewa ndani ya mpira, na hapo habari inafika kwetu.

Kwani miaka ya 1890 Wazungu walishikwa na homa ya kinga, kisha motokari zikafuata, na bei ya mpira ikapanda sana. Leopold II, aliyetawala Kongo tangu 1885, akalazimisha watu kukamua kamba za msituni. Kijiji kisichofikisha kilo, wanaume walipigwa fimbo, wanawake walifungwa, wengine walikatwa mikono. Hatusemi fundi wa Raleigh kule Nottingham alijua. Mwingereza mmoja, Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona mpira unaingia Ulaya na bunduki zinaenda Kongo. Akauliza ni biashara gani hiyo, na mwaka 1904 akaanzisha chama cha kupigania watu wetu.

Viwanda vile vimekwisha. BSA, iliyounda pikipiki tangu 1910, ilianguka 1973. Raleigh iliacha kuunganisha kinga Nottingham 2002. Royal Enfield inaundwa Uhindi. Wazee wa Uingereza wanakusanya kinga za zamani, wanaandika chapa, mwaka, hata rangi. Kazi nzuri, tunaisifu. Ila mu vitabu vingi tulivyosoma, mpira unajitokea wenyewe tu, bila mtu aliyeukamua.

Wazee waliosikia habari hiyo mu kinywa cha bankambo wao wamebaki wachache kabisa. Sisi walimu tumeomba wanafunzi wa mwaka wa tano waende kuwauliza, waandike jina la kijiji, la mto, na la aliyesimulia.