Chuma, Mapafu na Mlima

Twafundishwa kwamba madini ya chuma mwilini ni kwa ajili ya damu. Ni kweli, lakini si yote. Likizo iliyopita wanachama wa chama chetu cha wapanda mlima walikwenda Kilimanjaro, mimi nikakatazwa na Dada Mganga kwa kuwa nilipimwa nikaonekana nina upungufu wa chuma. Nilimsihi sana. Nilimwambia miguu yangu ni mizima na mbio nawashinda wengi. Akanitazama tu, akaandika vidonge.

Mwalimu wetu wa Bayolojia ndiye aliyenieleza. Mishipa ya damu mahali pengine mwilini ikikosa oksijeni hupanuka. Ile ya mapafuni hufanya kinyume, hujibana. Wataalamu wawili wa Sweden, von Euler na Liljestrand, walilieleza jambo hili mwaka 1946 baada ya kuchunguza paka. Nalo lina maana: sehemu ya pafu ikizibwa, damu hugeuzwa iende penye hewa. Lakini mlimani hewa ni haba katika pafu zima. Basi mishipa yote hujibana pamoja, msukumo wa damu hupanda, na upande wa kulia wa moyo hutaabika kama msukuma mkokoteni kwenye mwinuko.

Chuma chaingiaje hapa? Ndani ya seli mna protini iitwayo HIF, ambayo huuambia mwili kwamba hewa imepungua. Hewa ikiwa tele, vimeng'enya huiharibu protini hiyo. Lakini vimeng'enya hivyo havifanyi kazi bila chuma. Kwa hiyo mtu asiye na chuma cha kutosha, hata akiwa bondeni, mwili wake huanza kudanganyika kama kwamba yuko mlimani. Akipanda kweli, je?

Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya wataalamu wa Oxford waliofanya majaribio Cerro de Pasco, mji wa machimbo nchini Peru, ulio meta 4,340 juu ya bahari. Walipandisha wanaume 22 wa nchi za chini. Siku ya tatu baadhi walitiwa chuma mshipani, wengine maji ya chumvi. Waliopata chuma, msukumo wa damu mapafuni ulishuka kutoka milimita 37 za zebaki hadi 31. Kisha wenyeji 11 wagonjwa, ambao damu yao ilikuwa nzito mno, walitolewa lita 2 za damu kidogo kidogo. Chuma kilitoka pamoja na damu, na msukumo ukapanda kutoka 37 hadi 46!

Kibanda cha Kibo kiko juu kuliko mji ule. Niliposikia hayo sikumsihi Dada Mganga tena.

Sasa nameza vidonge vyangu usiku, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini, na asubuhi hapa bwenini hapana kinywaji kingine ila chai. Nitapimwa tena kabla ya safari ijayo.