Siku moja ya safari ya trela

Huko Marekani watu wengi hupenda kusafiri na nyumba yao. Nyumba hiyo huitwa trela. Ina magurudumu, nayo huvutwa na motokari. Ndani mna vitanda, meza, jiko dogo la gesi na tangi la maji. Konokono hubeba nyumba yake mgongoni. Watu hawa huikokota nyuma yao.

Lakini, watoto, msidhani ya kuwa safari ya namna hii ni kupumzika tu. Nyumba inayotembea haina kisima wala shamba. Kila kitu lazima kitafutwe njiani. Basi sikilizeni habari ya siku moja ya baba mmoja, mke wake na watoto wao wawili, msichana wa miaka 10 na mvulana wa miaka 7. Walikuwa wamesafiri majuma mawili. Asubuhi ile walifika Wall, mji mdogo wa jimbo la South Dakota, wenye watu wasiofika 1,000.

Mama alikuwa ameandika kazi zote juu ya karatasi. Kwanza walikwenda kumwaga maji machafu ya trela. Hayamwagwi popote, pana mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo. Baba akavaa mifuko ya mikono, akaunga mpira mnene, akangoja hata yote yakaisha. Kisha akaosha mikono vizuri kwa sabuni.

Baada ya hayo akanunua petroli, akapima upepo wa magurudumu yote, akakaza nati moja moja. Mvulana alikuwa akimshikia spana. Gurudumu la trela likipasuka katika mwendo wa mbio, trela huyumba, na kuyumba kwake kwaweza kuipindua hata motokari. Wakati ule Mama na msichana walikwenda posta kupeleka barua kwa bibi, halafu wakanunua mikate, mayai, viazi na barafu.

Kazi ya mwisho ilikuwa maji. Walitaka kulala siku tatu mahali paitwapo Sage Creek, katika mbuga ya Badlands. Kulala pale ni bure, lakini hapana bomba wala kisima. Kila mtu hubeba maji yake. Wakajaza tangi litri 40, na bidoni moja litri 20. Mama akahesabu: watu wanne, siku tatu, ni litri tano kwa mtu kila siku, za kunywa, za kupika na za kunawa. Yatatosha yasipopotezwa.

Mjini Wall liko duka la dawa lenye sifa nyingi. Mwaka wa 1931 kijana aliyeitwa Ted Hustead alilinunua, lakini wanunuzi walikuwa wachache sana. Motokari zilipita tu barabarani. Siku moja ya joto, mwaka wa 1936, mke wake Dorothy aliwafikiri wale wasafiri wenye kiu. Akasema waweke vibao kando ya njia kuwaambia ya kwamba maji ya barafu yako dukani, bure. Wakaviweka, na watu wakaanza kuingia. Waliokunywa maji walinunua na vitu vingine. Duka likakua, na hata leo maji yale hutolewa bure. Ni kweli wasemavyo wazee: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watoto wale nao wakanywa, wakaondoka.

Kutoka Wall hata Sage Creek ni kilometa 30 hivi, na sehemu ya mwisho ni barabara ya changarawe. Baba aliendesha polepole. Walipita vilima vya udongo visivyo na mti, vyenye mistari myekundu, ya manjano na ya kijivu. Mvua na mito imevichonga kwa miaka mingi sana. Walakota, wenyeji wa nchi ile, waliiita Mako Sica, maana yake Nchi Mbaya, kwa sababu ni vigumu kuipita.

Walipofika, Baba akachagua mahali pa sawasawa. Akaweka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya trela kabla ya kuifungua, isije ikateremka. Hawakuwasha moto wa kuni. Katika mbuga ile ni marufuku, kwa kuwa majani makavu hushika moto upesi. Mama alipika viazi kwa gesi. Ng'ambo ya kijito walikuwako baisoni, wanyama wakubwa mfano wa nyati, wenye manyoya mengi mabegani. Watoto waliwatazama kwa mbali.

Jua lilikuwa karibu kuchwa, motokari ndogo ikafika. Akashuka mama mmoja, mwenye mtoto mchanga, pamoja na baba yake, mzee wa mvi. Wakasimamisha hema. Kisha yule mama akatafuta bomba huku na huku, asilione. Akaja penye trela, akauliza, «Samahani, maji huchotwa wapi?»

«Hapa hapana maji, mama,» Baba akajibu. «Yako Wall.»

Yule mama akanyamaza. Walikuwa na chupa moja tu, nayo ilibaki nusu, na mtoto alikuwa akilia. Kurudi usiku kulikuwa na hatari, kwa kuwa baisoni husimama hata barabarani, na gizani hawaonekani upesi.

Baba akaitazama bidoni. Msichana naye akaitazama, akanong'ona, «Baba, tukiitoa, yetu hayatafika siku tatu. Nawe ulituahidi kutembea kesho asubuhi.»

Alisema kweli. Mama akamjibu, «Kesho asubuhi tutarudi mjini kuteka mengine, mwanangu. Tutatembea siku nyingine. Mtoto yule anataka kunywa sasa.»

Msichana akakaa kimya kidogo. Kisha akashika bidoni upande mmoja, Baba upande wa pili, wakaipeleka hemani. Yule mzee akasimama, akavua kofia yake, akasema, «Asanteni, wanangu.»

Usiku ule waliosha vyombo kwa maji kidogo sana. Kabla ya kulala, msichana alichukua ile karatasi ya kazi, akaandika mwishoni: Kesho, maji.