Daktari wa Kisiwa cha Damu

Kazi yangu ni kutafsiri picha. Banda langu la video liko Muheza, na jioni nakaa pembeni ya runinga, kipaza sauti mkononi, nikisema kwa Kiswahili yanayosemwa kwa Kiingereza, Kihindi au Kichina. Tanzania nzima iliijua kazi hii kwa sauti ya Lufufu, na Wakenya wanaijua kwa DJ Afro. Wao walirekodi, kanda na diski zao zikasafiri. Mimi natafsiri papo kwa papo, watu wakiwa mbele yangu kwenye mabenchi, kwa hiyo nasikia wanapocheka, wanapoguna na wanaponyamaza. Nataka kutoa ushuhuda juu ya aina moja ya picha ambayo wajuzi wengi wa filamu huipita bila kuitupia jicho: picha za bei rahisi za daktari mwendawazimu porini.

Hadithi yenyewe kila mpenzi wa picha anaijua. Kuna kisiwa cha mbali. Kuna daktari msomi aliyekimbia macho ya wenzake. Ana maabara yenye chupa zinazochemka, na nyuma ya maabara kuna vizimba. Steringi, yaani shujaa wa picha, anafika kwa meli, anawakuta wenyeji wamejaa hofu, na usiku kuna dude linatembea. Mwingereza H. G. Wells ndiye aliyeiandika mwaka 1896, akamwita daktari wake Moreau, mtu anayepasua wanyama ili wawe binadamu. Hollywood ikaifanya picha mwaka 1932, Charles Laughton akiwa daktari, nayo Uingereza ikaizuia kwa miaka mingi isionyeshwe. Lakini walioipeleka msituni kweli kweli ni Wafilipino.

Gerardo de León alitangulia mwaka 1959 kwa Terror Is a Man, picha isiyo ya rangi, ambamo daktari anamfanyia chui upasuaji juu ya upasuaji mpaka asimame kwa miguu miwili. Kisiwa chake kikaitwa Kisiwa cha Damu. Miaka ya baadaye yeye na mwongozaji mwenzake Eddie Romero wakarudi huko huko na Brides of Blood na Mad Doctor of Blood Island. Romero akaongeza Beast of Blood mwaka 1970 na The Twilight People mwaka 1972, ambamo mwigizaji Pam Grier ni mwanamke chui, kabla dunia haijamjua. Steringi wa hizi nne za rangi ni Mmarekani John Ashley. Fedha zilitoka kwa Wamarekani pia, hasa Kane Lynn, rubani wa zamani wa jeshi la majini, na soko lilikuwa viwanja vya sinema vya Marekani ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao. Wauzaji walikuwa wajanja. Kwenye Terror Is a Man kengele inalia kabla ya kisu kugusa ngozi, ili mwenye moyo mwepesi afumbe macho. Kwenye Mad Doctor watazamaji waligawiwa maji ya kijani wakaapishwa kabla picha haijaanza.

Mimi nilizipata zote kwenye flashi moja, zimechanganywa na za karate.

Fedha zilikuwa kidogo, na jicho linaona. Uso wa dude ni mpira na rangi. Mti unaokamata watu kwenye Brides of Blood unavutwa kwa kamba. Lakini angalia walichofanya kwa kamera. Katika Mad Doctor, dude linapokaribia, picha inavutwa mbele, inarudishwa nyuma, mbele, nyuma, haraka haraka, mpaka macho yanachoka. Ni kugeuza lenzi tu, hakuna gharama. Mtafsiri anajifunza hapo. Sehemu hiyo siisemei neno. Navuta pumzi lenzi inapovuta, naitoa inaporudi, kipaza sauti kikiwa karibu na midomo, na banda zima linaanza kupumua na mimi bila kujua. Vijana wanaopenda kupiga kelele wanaacha. Kisha damu inatoka, ya kijani, kwa sababu daktari amemtia mgonjwa wake dawa ya klorofili, ile rangi ya majani, na hapo kelele zinarudi maradufu. Beast of Blood inawapendeza zaidi: kichwa cha dude kiko mezani, kinaishi kwa mirija, kiwiliwili kiko pengine, na kichwa kinamkodolea macho daktari kwa chuki. Watoto wa shule wanaomba nirudie kipande hicho. Narudia.

Watu wazima wanatazama kwa namna nyingine. Hapa tuko chini ya Usambara Mashariki. Mtazamaji wangu amelima iliki chini ya kivuli cha msitu, anaokota kuni humo, anajua mti gani ni wa tumbo na upi ni wa homa. Akimwona steringi anakata majani ovyo kwa panga wakati njia iko wazi pembeni, anacheka. Halafu anauliza maswali ambayo sijayasikia kwa mhakiki yeyote. Yule daktari anapikiwa na nani? Maji ya maabara nani anayachota? Mashua inayoleta chumvi inakuja lini? Ni maswali ya watu wanaojua kwamba hakuna mtu anayeishi porini peke yake, na picha hizi zinajengwa juu ya uongo huo huo kwamba anaweza.

Kuna kitu kingine kinachowavuta, nacho hakikupangwa na mtengenezaji. Wanaona pwani yenye minazi, nyumba za makuti, na vyombo vyenye mbao za kando za kushikilia mizani. Mara ya kwanza vyombo hivyo vilipotokea, mvuvi mmoja kutoka Pangani alisimama na kusema, "Ngalawa hizo!" Alikuwa sahihi. Wafilipino na watu wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki ndio wenye asili ya vyombo vya namna hiyo, na ngalawa zetu zina undugu nao kupitia Bahari ya Hindi. Tangu hapo kisiwa kile hakikuwa tena pori la mbali. Kilikuwa kijiji cha watu, na daktari akawa mgeni aliyevamia.

Hili ndilo lililobadilisha tafsiri yangu. Ukisikiliza Kiingereza cha picha hizi, wanakijiji wanasema maneno machache sana. Wanapiga mayowe, wanapiga ngoma, wanaonya wageni, wanakufa. Majina ya wengi wao hayatajwi. Lakini wanaoonekana kwenye kioo ni Wafilipino wenyewe, waigizaji wenye nyuso zinazofikiri, na kazi ya mtafsiri inaniruhusu kuwapa wanachonyimwa. Kwa hiyo nawapa majina. Mzee anayesimama nyuma ya steringi namwita Mzee Rashidi, naye anamwambia mwenzake kwamba alimwonya mwanawe asiende kule juu kwa daktari. Msichana anayebebwa na dude ni Mwanaidi, ana mchumba, ana deni la kitenge. Dude lenyewe nalipa jina pia, maana lilikuwa mgonjwa aliyekwenda kutafuta tiba. Linapokufa, mabenchi ya mbele hayashangilii kama yanavyoshangilia kifo cha adui kwenye picha za Kichina. Linasikitikiwa.

Wako wanaosema mtafsiri hana haki ya kuongeza. Mimi nasema picha yenye watu wasio na sauti ni picha iliyofika nusu, na nusu iliyobaki ni kazi yangu.

Sasa niseme pale wanaponyamaza. Si dude linalowanyamazisha. Ni sindano. Daktari akishika mkono wa mgonjwa, akapapasa mshipa, akaingiza sindano taratibu, banda linakuwa kimya kuliko lenzi ile ya mbele na nyuma inavyoweza kulifanya. Anayeshangaa hajakulia hapa. Wazee wetu walisimuliana habari za mumiani, watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Kenya na Uganda ilisemwa kwamba ni watu wa zimamoto. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo, akatoa kitabu mwaka 2000, na alichokazia ni kwamba yana mengi ya kutuambia kuhusu jinsi watu walivyouona utawala wa kikoloni. Hofu ile haikuokotwa hewani.

Maabara ya porini tunayo, si ya kubuni. Wajerumani walijenga taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mahali paitwapo Amani mwaka 1902, juu milimani, kwenye barabara inayopandia hapa Muheza. Daktari Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa ametoka kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1905, alifika Amani mwaka uliofuata na kufanya uchunguzi, kisha akaendelea hadi Ziwa Viktoria, kwenye visiwa vya Sese upande wa Uganda, ambako malale ilikuwa ikiua watu maelfu kwa maelfu. Daktari, kisiwa, wagonjwa wanaofika kwa mitumbwi. Dawa aliyowatia iliitwa atoksili, ina sumu ya aseniki ndani yake. Mwanzoni ilionekana kusaidia. Ugonjwa ulipowarudia, dozi ikapandishwa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka wasipate kuona tena. Hata hivyo Koch aliendelea kuipendekeza dawa hiyo, pamoja na kuwatenga wagonjwa kambini, na kambi hizo zikajengwa upande wa ziwa uliokuwa chini ya Wajerumani.

Koch hakuwa mwendawazimu. Hakucheka peke yake gizani. Alikuwa mtu mtulivu mwenye daftari, anayeamini kwamba anaokoa watu, na kuna magonjwa mengine ambayo dunia inamshukuru kwa kuyaelewa. Hapa ndipo picha nyingi za aina hii zinapokosea, kwa kumpa daktari macho ya wazimu na kicheko, mtazamaji akaenda nyumbani akidhani hatari inajulikana kwa sura. De León hakufanya hivyo mwaka 1959. Daktari wake ni mpole, anakula mezani kwa adabu, anamweleza mgeni nia yake njema kwa sauti ya chini. De León mwenyewe alisomea udaktari kabla ya kuingia kwenye sinema. Alijua daktari anavyozungumza na mgonjwa asiye na nguvu ya kukataa. Kwangu mimi Terror Is a Man ndiyo bora kuliko zote, hata kama haina damu ya kijani na vijana wanaiona inakwenda polepole. Baada yake alifanya Noli Me Tangere na El Filibusterismo kutoka vitabu vya José Rizal, na Ufilipino ikampa heshima ya Msanii wa Taifa mwaka 1982, akiwa ameshafariki. Romero naye alipewa mwaka 2003. Anayeziita picha hizi takataka akumbuke ni mikono ya nani iliyozishika.

Na sitaki mtu atoke hapa akiwaogopa watafiti. Watoto wa Muheza wametobolewa vidole kwa miaka mingi kupimwa malaria, na wengi wako hai kwa sababu ya kazi hiyo. Mtazamaji wangu anajua tofauti kati ya mtafiti anayekuja na mwenyekiti wa kijiji, anaeleza, anauliza kama umekubali, na yule anayekamata mkono kwanza. Anaijua kwa sababu yamempata yeye mwenyewe, na ndiyo maana kimya chake kina uzito.

Kuna jambo moja kwenye picha hizi nisilolitetea. Wanawake. Katika Brides of Blood wasichana wanapigiwa kura, wanafungwa kwenye nguzo na kuachwa kwa dude, na kamera inakaa juu ya miili yao kwa muda mrefu kuliko hadithi inavyohitaji. Vipande hivyo navipitisha mbio. Akina mama wanaoingia bandani kwangu ni wachache, na wakikutana na picha kama hiyo hawarudi tena. Wana haki. Ukatili ule uliwekwa kwa ajili ya wale watazamaji wa magarini Marekani, na hakuna ustadi wa lenzi unaoweza kuulipia.

Ndugu zangu mnaotengeneza filamu hapa kwetu, Mussa Banzi ameshaonyesha kwa Nsyuka na Shumileta kwamba picha ya kutisha inaweza kufanywa kwa fedha zetu na kwa hofu zetu. Kisa cha Sese bado hakijafika kwenye banda langu. Kinahitaji mitumbwi, mahema, meza ya daktari na waigizaji wanaojua kunyamaza. Hivyo vyote vinapatikana. Mpeni kila mgonjwa jina, mumwache azungumze kwa lugha yake, nami nitamtafsiri neno kwa neno. Picha ikiwa tayari, msianzie kwenye kumbi za mjini. Ileteni vibandani, kwa watu wanaoujua msitu, mkae nao kwenye benchi muwasikilize.