Shangazi wa juu ya mparachichi

Mtoto wa miaka minane aliyevunjika mguu ni mgonjwa mgumu kuliko yule wa malaria. Wa malaria analala. Huyu, baada ya wiki ya kwanza, haumwi sana, ana njaa, ana nguvu zake zote, na mguu umefungwa hogo kuanzia kwenye wayo hadi juu ya goti. Anataka kila kitu isipokuwa kukaa, na kukaa ndiyo dawa yenyewe.

Mvulana anayezungumziwa hapa aliteleza kwenye ukuta jijini Dar es Salaam, katikati ya Februari, akavunjika mfupa wa muundi. Mama yake anafanya kazi kwa zamu na hakuwa na mtu wa kumwachia. Baada ya siku chache akampeleka Moshi kwa bibi yake, kwenye nyumba yenye migomba, kishamba cha mahindi na mparachichi mkubwa mbele ya baraza. Daktari alisema wiki sita. Wiki ya kwanza iliishia kwenye simu ya bibi, katuni tangu asubuhi, na kila aliyeiomba simu alijibiwa kwa kelele. Wiki ya pili bando likaisha, na bibi, kwa hekima au kwa ubahili (familia haijakubaliana), hakununua jingine.

Ndipo akamwona kindi.

Kindi, ambaye wengine humwita kuchakulo, si mgeni kwenye bustani za Moshi, Arusha au Nairobi. Ni mdogo kuliko panya buku, rangi yake kati ya majani makavu na mchanga, mkia mrefu wenye manyoya. Watoto wengi humwona kwa sekunde mbili tu, akipita. Huyu mvulana hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo alimwona kwa saa nzima, na kesho yake tena. Jioni ya siku ya tatu alimtangazia bibi kwamba amempa jina. Anaitwa Shangazi, kwa sababu anakuja bila kupiga simu na anakagua kila kitu.

Mwanzoni Shangazi hakutaka kujuana na mtu. Akimwona mvulana anageuka tu kitini, aliganda, kisha akazunguka shina na kubaki upande wa pili, akichungulia kwa jicho moja. Ndiyo kawaida ya kindi wa mitini: shina la mti huliweka kati yake na adui, na adui akizunguka, naye anazunguka. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona mengi bila kugeuka. Mvulana alikasirika. Bibi, aliyekuwa akichambua mchicha, alimwambia kitu ambacho huenda hakukisoma popote. "Unamkodolea macho kama paka. Nani atakaa na mtu anayemtazama hivyo? Tazama pembeni, baba."

Akatazama pembeni. Akakaa kiti kilekile, asubuhi na alasiri, kwa sababu mchana wa jua kali Shangazi alikuwa hashuki. Juu ya kigogo, hatua kama kumi na mbili kutoka barazani, akawekewa karanga mbichi zenye maganda, tatu kwa siku. Kidogo kidogo mjomba alikisogeza kigogo karibu na kiti. Siku kindi alipokataa kushuka, kigogo kilirudishwa nyuma na hakuna aliyelalamika. Si rahisi kumfundisha mtoto wa miaka minane kurudi nyuma hatua moja ili asonge mbele mbili. Wiki ya tatu ilipoanza, Shangazi alikuwa akila umbali wa mkono na nusu kutoka kwenye hogo.

Hapa mzazi mwenye watoto aulize: karanga zipi? Bibi alizichagua moja moja na kutupa zilizokunjamana au zenye ukungu, kama afanyavyo kwa za uji. Sumukuvu, ile sumu ya fangasi iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haibagui mlaji. Za kukaanga na chumvi hazifai, mkate haufai, na tatu kwa siku zinatosha. Kindi anayeshiba karanga haendi kutafuta matunda, machipukizi, mbegu na wadudu, yaani chakula chake halisi. Tena anahitaji vitu vigumu vya kuguguna. Meno yake manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, hayaachi kukua maisha yake yote, na asipoyasaga yanakuwa balaa.

Yale meno mvulana aliyafahamu kwa karibu zaidi ilivyotakiwa. Asubuhi moja, bibi akiwa ndani, aliishika karanga kwa vidole viwili na kuinyoosha. Shangazi alikuja, akanusa, akang'ata. Alichong'ata kwanza ni kidole. Havikuwa vita, kidole cha mtoto kina harufu ya karanga na kindi haoni vizuri kilicho chini ya pua yake. Damu ilitoka kidogo, kelele zikatoka nyingi.

Bibi hakuanza kwa kugomba. Alikipeleka kidole bombani, akakiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akaendelea kuosha mpaka zikafika dakika 15 kwa saa ya ukutani, wakati mvulana akilia kwamba sasa maji ndiyo yanayouma. Kisha wakapanda bajaji hadi kituo cha afya. Njiani hofu ilikuwa moja, na bibi aliitamka kwa sauti ya chini: kichaa cha mbwa.

Muuguzi aliwaeleza vizuri, na maelezo yake yanafaa kukaa kwenye kila nyumba. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Wanyama wadogo wagugunaji kama kindi na panya hukutwa na ugonjwa huo kwa nadra sana. Hata hivyo hilo si la kuamuliwa na bibi barazani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa, na chanjo husaidia ikiwahi kabla ya dalili. Kwa hiyo kila aliyeng'atwa na mnyama huoshwa kwanza, huenda kituoni, na mtaalamu ndiye anayepima hatari. Muuguzi aliuliza kindi alikuwaje siku hizo (mchangamfu, anakula, anakimbia), akaangalia kadi ya chanjo kwa ajili ya pepopunda, akafunga kidole na kuwaruhusu.

Alimwongezea mvulana sharti moja: kindi akionekana mgonjwa, analegea, au amekufa, asiguswe hata kwa kijiti. Mwaka 1985, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, watafiti walikipata kirusi cha mpox kwa kindi mgonjwa wa porini. Yule ni kindi wa aina nyingine, wa misitu ya Kongo, wala hakuna sababu ya kuanza kuwawinda kindi wa Moshi. Ni sababu ya kuweka mikono mbali. Tangu siku hiyo karanga zilikaa kwenye kigogo na mikono ikakaa mapajani.

Ajabu ni kwamba urafiki ulinoga zaidi mikono ilipoondoka. Mvulana alihamia kwenye daftari. Aliandika sauti: "tik" moja moja ni Shangazi ameona mtu asiyemjua. Kimya cha ghafla, mwili umebandikwa kwenye tawi, ni mwewe. Alichora ramani ya ua na kutia herufi kila mahali alipomwona akifukia karanga, akiisukuma chini kwa pua, akiifunika kwa miguu ya mbele na kuweka jani juu. Mjomba alicheka kwamba mnyama mwenye kichwa kama ndimu hawezi kukumbuka herufi kumi na moja. Lakini mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapa kindi wa kijivu nafasi ya kuzika njugu kumi kila mmoja katika uwanja mmoja. Siku 2, 4, hata 12 baadaye, kila kindi alizipata zake zaidi ya zile za wenzake zilizozikwa karibu nazo. Pua husaidia, ila haifanyi kazi yote. Kwenye ramani ya mvulana, baada ya wiki, mashimo saba yalikuwa yamefukuliwa. Mengine mawili, mvua ya kwanza ya masika iliponyesha, yalichipua karanga.

Kisha ikaja siku ambayo "tik" haikukoma. Shangazi alikuwa kwenye tawi la chini, ameelekea kwenye majani mazito juu ya kiti, mkia unapigapiga, sauti inafululiza kama mtu anayegonga kopo. Hakukimbia wala hakunyamaza. Mvulana alipekua daftari na kuona hajawahi kuandika hivi. Akaita. Mjomba aliangalia kwa muda mrefu kabla ya kuona: nyoka wa kijani, amejilaza kama kitawi, mita mbili kutoka kwenye magongo ya mtoto. Hakuna aliyemsubiri ajitambulishe jina. Mvulana alibebwa ndani polepole, mlango ukafungwa, na jioni nyoka alikuwa ameondoka. Kindi wa mitini wa Afrika wamechunguzwa wakifanya hivyo: nyoka au mnyama mwindaji aliyeonekana hupoteza nafasi ya kuvizia, kwa hiyo wao humzomea wakiwa umbali salama na kumtikisia mikia mpaka achoke. Shangazi hakuwa akimwonya mvulana. Alikuwa akijitetea mwenyewe, na pengine watoto wake, kwani siku hizo chuchu zake zilikuwa zimevimba na alionekana akiingiza majani kwenye tundu la mti. Mvulana tu ndiye aliyekuwa amejifunza kusikiliza.

Familia ilimpenda Shangazi kwa siku nne baada ya hapo. Siku ya tano bibi alikuta mstari mzima wa mahindi aliyopanda umefukuliwa.

Kwa mzazi wa mjini hii ni hadithi ya kuchekesha. Kwa bibi, mbegu ilinunuliwa kwa fedha na masika hayasubiri. Mjomba hakusema mengi, alishusha manati iliyokuwa imening'inia jikoni. Mvulana alilia, akasema yule ni wake. Bibi akamjibu bila ukali, "Wako kivipi? Umempa karanga. Mahindi ni ya kwangu."

Maelewano waliyofikia yalikuwa haya. Kindi hufukua mbegu. Mche ukishasimama na mbegu imeisha chini yake, hamu inapungua. Kwa hiyo zilihitajika siku kama kumi za ulinzi, tangu kunapambazuka mpaka saa tatu, na tena alasiri. Mlinzi awe mwenye kindi. Bibi angepanda upya, manati ingerudi msumarini. Shangazi akishuka shambani, mvulana angepiga debe.

Kwa hiyo kwa siku kumi yule mtoto aliyetumia wiki tatu kumfundisha kindi asimwogope aliamka gizani, akaketi kwenye stuli mwisho wa mstari wa mahindi, hogo limefungwa mfuko wa nailoni dhidi ya umande, na kumfukuza. Siku ya kwanza alipiga debe polepole, kwa aibu. Shangazi alimtazama, akaendelea kufukua. Mvulana akamwangalia mjomba aliyekuwa akinawa uso mlangoni, akapiga kwa nguvu zake zote. Kindi aliruka hadi kwenye mgomba na kukaa huko akimtukana kwa nusu saa. Kiamsha kinywa hakikuliwa siku hiyo.

Karanga za kwenye kigogo nazo zilisimama, na uamuzi huo ulikuwa wa mvulana mwenyewe. Alikuwa amehesabu siku. Hogo lingekatwa mwanzoni mwa Aprili, yeye angerudi Dar es Salaam, na Shangazi angebaki na mazoea ya kuwafuata watu barazani, kwa jirani ambaye hana ramani wala daftari, ila ana watoto wenye manati. Aliyasema haya kwa mama yake kwenye simu, usiku, na mama alikaa kimya kidogo kabla ya kumuuliza kama amekula.

Mahindi yaliota. Mguu ulipofunguliwa ulikuwa mwembamba na wenye magamba, na daktari alitoa mazoezi ambayo mvulana aliyafanya bila kusukumwa. Hakuna anayedai kindi huunga mfupa. Ila mtoto aliyepanda basi kurudi nyumbani aliweza kukaa safari nzima ya kutwa dirishani, na simu ya mama haikuombwa hadi Chalinze.

Jumapili iliyofuata alipiga yeye.

"Shikamoo bibi. Shangazi amekuja?"

"Marahaba, baba. Amekuja, lakini hakushuka. Na leo nimeona wadogo wawili nyuma yake."

"Alipiga kelele?"

"Alipiga. Mjomba wako alikuwa anapita chini ya mti."

"Nyingi?"

"Nyingi sana."

"Basi sawa," alisema, kisha akaulizia mahindi yamefika wapi.