Vipepeo vya Mwezi wa Sita



Mwezi wa sita ukifika, hapa Lubumbashi kila mtu anatafuta pulovere. Mvua imekwisha kukatika. Tuko juu, karibu mita 1.200, na usiku baridi inashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Nyasi zimekauka, vumbi inaingia mpaka ndani ya sahani ya bukari. Watu wanasema: vipepeo vimekwisha, vitarudi na mvua. Hapana. Viko ndani ya lupango yako, lakini vimebadilisha nguo. Tena huu ndio wakati mwepesi wa kuvipiga foto, hata na telefone ndogo. Ukienda kupiga foto karibu na karieri, unaweza kupata maneno na askari. Ndani ya lupango yako hakuna anayekuuliza karatasi.

Anza asubuhi. Kipepeo hakina moto wa mwili kama sisi. Nyama zinazosukuma mabawa yake zinahitaji joto ya karibu digrii 30 mbele ya kuruka. Kwa hiyo jua likigusa ukuta wa matofali, utakikuta kimefungua mabawa, kinaota jua kama mzee mbele ya mbabula. Mwezi wa pili kingekukimbia; sasa kinakungojea. Mjusi wa kichwa cha buluu kwenye muti wa maembe naye ni vile vile, asubuhi ya baridi hana haraka.

Panguza kwanza kioo cha kamera. Piga magoti, usiogope suruali. Jongea polepole kutoka upande, kivuli chako kisikiangukie, sababu kwake kivuli ni ndege anayekuja kula. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe mwenyewe. Zima flashi. Piga foto ishirini. Moja itatoka muzuri.

Kiisha pita kwenye mlimau. Ukiona juu ya jani kitu kama mavi ya ndege, angalia tena: pengine ni mtoto wa kipepeo kikubwa cheusi chenye madoa ya manjano. Akiguswa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa, na harufu yake si ya kanisani. Hapa Katanga sisi ni watu wa vinkubala, tunavijua vizuri sokoni na katika sufuria, lakini ni watoto wangapi wanaojua kwamba kinkubala kikiachwa kinageuka kipepeo cha usiku?

Lakini mahali penye utajiri ni chini, katika majani makavu. Kijana mmoja wa kwaya alinionyesha foto yake. Nikamwambia, «Hii ni foto ya majani.» Akacheka: «Pasta, angalia muzuri, kiko katikati!» Niliangalia mpaka macho yakauma, ndipo nikaona mguu, kiisha bawa.

Wataalamu wanaita aina hiyo Bicyclus. Wakati wa mvua ina macho makubwa ya kuchorwa kwenye ukingo wa mabawa, ndege adonoe pale, aache mwili. Wakati wa ukavu macho hayo yanakuwa madogo sana, na kipepeo kinafanana na jani lililokufa. Mwaka wa 1988 wataalamu walichukua majike zaidi ya 80 kule Nkhata Bay, Malawi, wakawazalisha Ulaya, wakilisha watoto wao majani ya mahindi machanga. Waliokomaa katika digrii 27 walitoka na macho makubwa. Waliokomaa katika digrii 17 walitoka na macho madogo. Baridi ndiyo fundi wa nguo. Kuna na kipepeo kingine, Precis octavia: wakati wa mvua ni chekundu, wakati wa baridi ni cha buluu nzito. Ukiviweka pamoja utaapa kwamba havikuzaliwa kwa mama mmoja.

Sasa sikia jambo linalonisumbua. Bicyclus wa wakati wa ukavu anaishi miezi mingi bila kutaga. Anangoja mvua, majani mapya yaote, watoto wake wapate kula. Na sisi mwezi wa saba tunafanya nini? Tunafagia, tunakusanya majani yote, tunawasha moto. Tunachoma vipepeo vya mwezi wa kumi na mbili.

Mama asiseme kwamba pasta amehubiri uchafu! Mbele ya mlango ufagie, nyoka si mchezo. Lakini nyuma, chini ya muti wa maembe, acha pembe moja. Na majani mengine yapeleke kwenye shamba la mahindi, yaoze pale, udongo utakula. Ikiwa ni lazima kuchoma, tuma watoto kwanza waguse chungu ile na fimbo, polepole, na telefone mkononi. Katika 1 Wafalme 4 tunaona kwamba hekima ya Sulemani ilifika hata kwa wadudu. Wanafunzi wa vakansi nao wanaweza kufika pale.

Ukipata foto moja nzuri, andika tarehe na mahali: «ukuta wa choo, 20 mwezi wa sita.» Usiifute. Mwezi wa kumi na mbili, mvua ikiwa imezoea, rudi pahali pale pale na upige tena. Kiisha weka foto mbili hizo mbele ya watoto, uwaulize kama ni kipepeo kimoja ao viwili.