Tundu Lililozibwa

Ndugu msomaji, ichukue simu yako uitazame ubavuni, juu na chini. Ukiliona tundu dogo la mviringo, upana wake milimita 3.5, basi unacho kitu ambacho wenye simu za bei kubwa wengi wao wamekwisha kunyang'anywa.

Tundu hilo la iafoni si la jana. Asili yake ni plagi nene waliyokuwa wakiichomeka wafanyakazi wa ofisi za simu katika karne ya 19, ili kumuunganisha mpigaji na mpigiwa. Baadaye likapunguzwa, likaingia katika redio za transista. Na Sony walipotoa Walkman yao mwaka 1979 likaenea dunia nzima. Uzuri wake ni kwamba halikuwa na mwenyewe. Waya ulionunuliwa Mombasa kwa bei ya sahani ya wali uliingia katika simu ya Kikorea na katika redio ya Kijapani, wala hapana aliyeuliza waya huu kabila gani.

Septemba 2016 kampuni ya Apple ikatoa iPhone 7 bila ya tundu. Mkubwa wao mmoja, Phil Schiller, akasimama mbele ya watu akasema jambo hilo limetaka ushujaa. Ushujaa! Neno hilo sisi tulilizoea kwa wavuvi wa kusi. Na katika mkutano ule ule wakatangaza visikilizio visivyo na waya, dola 159. Wenzao wakawacheka. Google wakajisifu mwaka huo kwamba Pixel yao ina tundu. Mwaka 2017 Pixel 2 ikatoka bila nalo. Samsung nao wakafanya kejeli katika matangazo, hata ilipofika 2019 Note 10 yao ikazibwa vile vile.

Husemwa kwamba ndani ya simu nafasi ni haba, na kwamba maji hupenya. La nafasi nalikubali. La maji silikubali, maana Galaxy S7 ya mwaka 2016 ilistahimili maji na tundu lake likiwapo.

Waya ukikatika, fundi huulehemu kwa dakika chache. Hivi visivyo na waya vina betri ndogo mno iliyofungiwa ndani. Ikichoka baada ya miaka michache, kitu kizima hutupwa. Ikiwa hii si israfu, sijui israfu ni ipi.

Lakini lililonichoma khasa ni redio. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia ule waya wa masikioni kuwa ndiyo antena. Mama yangu mkubwa hulala na redio yake sikioni, asimwamshe mjukuu: khabari kwanza, kisha mawaidha, kisha taarabu mpaka usingizi umchukue. Hakuna senti inayotumika. Mwanawe akamletea kutoka Maskati simu nyembamba, yang'aa kama kioo. Tundu haina, redio haina.

"Mama, redio zote zimo kwenye intaneti," kijana akamwambia.

"Na bando atanunua nani, mwanangu?"

Kijana akanyamaza. Simu ile humfaa kwa kuonana na wajukuu wa Maskati. Usiku huitia kabatini, akaitoa ile kongwe yenye ufa. Nawe ukienda dukani, uliza tundu kabla ya kuuliza kamera; za bei nafuu nyingi bado zinalo.